Nafuu si kupona: Dawa za kulinda utumbo mpana

MGONJWA wa vidonda vya utumbo mpana hujaribiwa zaidi siku anazojihisi mzima. Damu haionekani tena chooni, kuhara kumekoma, tumbo halimsokoti, naye anajiuliza mbona aendelee kumeza tembe kila uchao. Swali hilo ni la haki, hasa kwa anayenunua dawa kwa pesa zake mwenyewe.

Maradhi haya, ambayo wataalamu huyaita kolaitisi ya vidonda, hutokea kinga ya mwili inapoushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana, kuanzia kwenye puru na kupanda juu. Hayaletwi na amiba, ingawa dalili hukaribiana kiasi cha kumpotosha mtu. Huzuka, yakatulia, yakazuka tena. Hakuna dawa inayoyang'oa kabisa. Kuyatuliza ni kazi moja. Kuyazuia yasirudi ni nyingine.

Prednisoloni, kwa mfano, hutuliza upesi lakini hailindi nafuu iliyopatikana, na ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Ndiyo maana daktari huipunguza hatua kwa hatua hadi aikomeshe.

Kinga yenyewe ilitoka kusikotarajiwa. Daktari Nanna Svartz wa Sweden alikuwa akisaka dawa ya baridi yabisi alipopata salfasalazini, akaona kwamba inawasaidia pia wenye vidonda vya utumbo. Matokeo aliyachapisha mwaka 1942. Mwaka 1965 watafiti wa Uingereza waliwagawa wagonjwa waliokwisha kupata nafuu. Baada ya mwaka mmoja, wengi wa waliomeza salfasalazini walikuwa bado salama, ilhali wengi wa waliopewa tembe zisizo na dawa walikuwa wamerudiwa. Utafiti mwingine, uliochapishwa Marekani mwaka 2003, ulionyesha kuwa wanaoruka dozi za mesalazini wamo katika hatari ya kurudiwa zaidi ya mara tano wakilinganishwa na wanaozifuata.

Mesalazini ni ile sehemu ya salfasalazini inayofanya kazi, bila salfa inayowachafua wengi tumbo. Kwa kawaida hutolewa gramu 2 hivi kwa siku, na yaweza kumezwa yote kwa mkupuo mmoja. Maradhi yakiishia kwenye puru, dawa ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa hufaa zaidi, japo wengi huionea haya. Figo hupimwa mara kwa mara. Anayetumia salfasalazini huongezewa asidi ya foliki. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa asishtuke. Mwanamume anayetafuta mtoto ajue kuwa salfasalazini hupunguza mbegu za kiume, ila hali hiyo hurejea sawa dawa ikiachwa.

Wanaorudiwa mara nyingi hupewa azathiaprini, inayodai vipimo vya damu, au sindano kama infliksimabu. Kabla ya infliksimabu ni lazima kupima kifua kikuu kilichojificha, jambo lisilostahili mzaha katika nchi kama yetu.

Mjamzito asiache dawa kwa hofu. Aghalabu maradhi yakizuka humdhuru yeye na mimba kuliko mesalazini. Aliyeishiwa na pesa amweleze daktari mapema, kwani salfasalazini huwa nafuu kwa bei. Na anayeumwa na mgongo amwulize mfamasia kwanza: aibuprofeni na diklofenaki huweza kuyaamsha maradhi yaliyolala.