Kisomezi, si Kisomaji cha Kioo

Juzi nilialikwa kwenye warsha hapa Eldoret, nikakabidhiwa faharasa ya kamati fulani. Ukurasa wa nne: "kisomaji cha kioo", yaani "screen reader", programu inayomsomea asiyeona yaliyomo kwenye kompyuta. Nikaifunga, nikaomba chai.

Kioo, kwa Mswahili, ndicho anachojitazamia akichana nywele. Leo amepewa asiyeona! Isitoshe, programu hii haisomi kioo chochote. Huchota maandishi, vichwa na vitufe ndani ya mfumo wa kompyuta, ikavigeuza sauti au Breili. Mtumiaji akizima skrini kazi haisimami. Wenye "kisoma-skrini" wana nafuu, kwani wamefuata nyayo za kipaza sauti na kinasa sauti. Ila nao wameikumbatia skrini, wakamsahau msikilizaji.

Mimi nasema kisomezi. Ombea huzaa mwombezi, tetea huzaa mtetezi. Basi somea huzaa msomezi, na kikiwa chombo, kisomezi. Hiyo "z" haikuokotwa njiani. Kauli ya kutendea ilikuwa na "l" ambayo Kiswahili kimeimeza, ingawa majirani zetu Waluhya wangali wanaitamka. Ilipokutana na "i" ya mtenda, ikageuka "z". Neno moja, nalo limebeba anayesoma na anayesomewa. Hayati Ahmed Sheikh Nabhany alipounda runinga alioanisha rununu na maninga, yaani macho. Yeye alichimba. Siku hizi wanakamati wanatafsiri tu.

Mpinzani mmoja, simtaji kwa kuwa anajijua, alidai kisomezi kinanukia kisomo cha kuwaombea wagonjwa. Ndivyo hasa! Kumsomea mtu, huko Pwani, ni kumkusudia yeye. Kisomaji chake kinamkusudia nani?

Katiba ya Kenya ya 2010 nayo imewaumbua wanakamati. Kifungu cha 7, kinachokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ndicho hichohicho kinachoitaka dola ikuze Breili na teknolojia za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Waliotiwa katika kifungu kimoja hawastahili kupewa neno la kubahatisha. Niliyaandika haya yote kwa kamati. Nikajibiwa: "Barua yako imepokelewa."

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: anza na NVDA, kisomezi cha bure kilichoasisiwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akajiunga naye James Teh, wote wawili wasioona, kwenye tovuti bonyeza H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, na wenye tovuti waandike maelezo ya picha.

Baada ya warsha nilimuuliza mwanafunzi mmoja asiyeona, aliyekuwa akiandika huku skrini yake imezimwa, wao hukiitaje.

"JAWS, Mwalimu."

"Lakini JAWS ni programu nyingine. Hiyo unayotumia ni NVDA."

"Hata hiyo, Mwalimu, tunaiita JAWS."

Jaws, kwa Kiingereza, ni mataya! Yeye nilimsamehe papo hapo. Hakuwahi kupewa jina lililo bora. Kamati ilipewa, kwa barua, ikalipokea.