Mapatano Mema: Klabu Iliyokumbukwa kwa Kushindwa

Wapenzi wa lugha, leo naomba niwatoe kidogo katika vina na mizani, niwapeleke Scotland ya zama za Malkia Victoria. Sababu yangu ni jina. Jina hilo nililitumia vibaya darasani miaka mingi iliyopita, nami nadaiwa maelezo.

Katika mji wa Aberdeen, kaskazini-mashariki ya Scotland, palikuwa na klabu ndogo ya soka iliyoitwa Bon Accord. Maneno hayo ni ya Kifaransa, na maana yake ni mapatano mema. Ndiyo kaulimbiu ya mji wenyewe. Mapokeo ya wenyeji yanasema kwamba mwaka 1308, wafuasi wa Mfalme Robert the Bruce walipoinyakua ngome ya Aberdeen kutoka kwa Waingereza, neno hilo lilikuwa ndilo la siri la kutambuana usiku. Vijana wa klabu ile walijivika jina la mji wao, kama vile timu zetu zinavyojiita kwa majina ya mitaa na miji.

Ilikuwa klabu ya ridhaa. Chama cha Soka cha Scotland kilikuwa kimeundwa mwaka 1873, na hakikuruhusu wachezaji kulipwa hadi mwaka 1893, ingawa Waingereza walikwisha kuruhusu jambo hilo katika kiangazi cha mwaka 1885. Kwa hiyo wachezaji wa Bon Accord walikuwa watu wa kazi nyingine, wakicheza siku ya Jumamosi kwa mapenzi tu. Klabu za namna hiyo zilizuka kwa mamia siku zile, na nyingi zilitoweka baada ya misimu michache. Hata Bon Accord haikuishi sana. Kama si alasiri moja, jina lake lisingefika kwetu abadani.

Alasiri hiyo ni ya Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1885. Katika raundi ya kwanza ya Kombe la Scotland, Bon Accord ilipangwa kucheza na Arbroath, kwenye uwanja wa Gayfield ulio kando kabisa ya Bahari ya Kaskazini. Walisafiri kwenda kusini. Inasimuliwa kwamba mvua ilinyesha sana, kwamba wageni hawakuwa na sare kamili, na kwamba mlinda mlango wao hakuwa mlinda mlango wa kawaida. Inasimuliwa pia kwamba mwenzake wa Arbroath hakuugusa mpira, akasimama chini ya mwavuli wa mtazamaji.

Hadi mapumziko ilikuwa 15 kwa 0. Mchezo ulipokwisha ilikuwa 36 kwa 0. Kijana mmoja wa Arbroath, John Petrie, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alifunga magoli 13 peke yake. Mwamuzi naye alikataa magoli mengine kadhaa kwa sababu ya kuotea. Tukumbuke kwamba siku zile milingoti haikuwa na nyavu. Nyavu zilikuja miaka ya 1890. Kila lilipofungwa goli, mpira ulikwenda zake mbali, na muda ulipotea kuufuata. Pasipo hivyo, idadi ingalikuwa kubwa zaidi. Ajabu ni kwamba siku hiyo hiyo, katika mji wa jirani, Dundee Harp iliifunga Aberdeen Rovers magoli 35 kwa 0.

Nilikisoma kisa hiki katika gazeti la zamani nilipokuwa mwalimu kijana, pamoja na nyongeza yake maarufu: kwamba Bon Accord haikuwa timu ya soka hata kidogo, bali timu ya kriketi iliyoalikwa kwa makosa ya barua, ikaona haya kukataa. Nyongeza hiyo inachekesha, na mimi niliipenda. Lakini watafiti wa soka ya Scotland wameipinga: Bon Accord ilikuwa klabu halali ya soka. Hata kwa kufikiri tu, hadithi ile haisimami. Kombe lile halikuwa karamu ya mialiko. Klabu ilishiriki kwa kuwa mwanachama wa chama, kisha majina yakapangwa. Kriketi iliongezwa baadaye, nadhani, kwa kuwa watu huona vigumu kuamini kwamba mtu anaweza kuujua mchezo, akaupenda, na bado akashindwa kiasi kile.

Hapo ndipo penye deni langu. Nilikuwa na desturi ya kusoma alama za insha kwa sauti mbele ya darasa, kuanzia ya juu hadi ya chini. Siku moja, kidato cha pili, kijana mmoja alipata 4 kati ya 50. Badala ya kutaja alama yake, nilisimulia kisa cha Arbroath, pamoja na kriketi yake, kisha nikamwita Bon Accord. Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia. Jina likamganda. Wiki nzima walimwita hivyo bwaloni na njiani.

Ijumaa alinisubiri nje ya ofisi ya walimu. Akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Wale watu, waliumaliza mchezo?"

Nilimjibu marahaba, kisha nikamwambia sijui, nikaenda zangu. Nilidhani ananitania. Sasa nimestaafu, nimepata nafasi ya kusoma vizuri, na jibu ninalo: waliumaliza. Tafakarini maana yake. Kwa kanuni za soka, timu iliyofungwa ndiyo inayoanzisha mpira upya katikati ya uwanja. Kwa wastani, kila baada ya dakika mbili na nusu vijana wale walirudi katikati, wakauweka mpira chini, wakaanza tena. Hakuna aliyewalipa hata senti.

Mfungo ule ulikaa katika rekodi za dunia kwa miaka 117. Uliondolewa huku kwetu, katika Bahari ya Hindi: tarehe 31 Oktoba 2002, nchini Madagaska, AS Adema iliishinda SO l'Emyrne kwa magoli 149 kwa 0. Lakini magoli yale SO l'Emyrne walijifunga wenyewe kwa makusudi, wakimpinga mwamuzi. Namba ni kubwa, ila ni jambo la aina nyingine. Wale walikataa kucheza. Vijana wa Aberdeen walicheza.

Mwalimu anayesoma alama huona namba tu. Haoni ni mara ngapi mtoto amerudi katikati ya uwanja. Kijana yule aliendelea kuniletea insha kila Jumatatu, nami niliendelea kuzisahihisha kwa wino mwekundu bila kulitazama hilo. Sikumwomba radhi. Popote alipo, kama anasoma kurasa hizi, naomba aipokee leo, pamoja na ubeti huu wa mwalimu wake wa zamani:

Walianza katikati, mvua yawanyeshea,
Hawakwenda kwa bahati, mpira waliujua,
Kwa kufungwa hawajuti, wangejuta kukimbia,
Tusihesabu magoli, tuhesabu kurejea.