Nakala, Rudufu na Chelezo: Historia Fupi ya Akiba ya Kumbukumbu za Biashara

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa mikataba, miongozo ya ofisi na programu za kompyuta ni jina la ile kazi ya kuweka kumbukumbu za biashara mahali pengine, kwa kupitia mtandao, ili zikipotea ziweze kurejeshwa. Wapo wanaoandika nakala rudufu, wapo wanaoandika chelezo, na wapo wanaoridhika na hifadhi au akiba. Msomaji anaweza kudhani kwamba huu ni ugomvi mdogo wa wanakamusi. Sivyo. Meneja anayesoma katika mkataba kwamba kampuni yake "inatunziwa nakala" huweza kulala usingizi mzito akiamini kwamba amekingwa, kumbe nakala hiyo imo katika jengo lile lile lenye kumbukumbu asili, na moto mmoja utaviteketeza vyote viwili.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maana ya jambo hili haikuzaliwa siku moja. Ilijengwa hatua kwa hatua, na kila hatua ilitokana na hasara fulani au na chombo fulani kipya. Tukiifuata historia hiyo tutaweza kuamua ni neno gani linalobeba maana yote, na ni lipi linalobeba sehemu yake tu.

Nakala ya pili

Mwanzoni haja ilikuwa ni kuwa na nakala ya pili tu. Karani aliandika barua, kisha akaiandika tena kwa mkono katika kitabu cha barua. Kazi hiyo ilikula muda, na makosa hayakukosekana. Mwaka 1780 James Watt, mhandisi anayejulikana zaidi kwa injini za mvuke, alipata hataza nchini Uingereza ya mtambo wa kunakili barua. Barua iliandikwa kwa wino maalumu, ikawekewa karatasi nyembamba iliyoloweshwa maji, kisha vyote vikakandamizwa. Maandishi yakahamia katika karatasi ile na kusomwa kwa upande wa pili. Mwaka 1806 Ralph Wedgwood naye akapata hataza ya karatasi ya wino, mama wa karatasi ya kaboni ambayo makarani wa Afrika Mashariki waliitumia kwa miaka mingi katika taipureta zao.

Hapa ndipo mahali halisi pa neno rudufu. Kurudufu ni kufanya kitu kimoja kiwe viwili au zaidi, na ofisi zetu zilikuwa na mashine za kurudufu zilizotoa nakala nyingi kutoka katika stensili moja. Neno hili halina kosa. Linaeleza namna kitu kilivyopatikana. Halisemi kiko wapi, kinalindwa na nani, wala kitarudishwaje.

Mahali pengine

Upungufu wa nakala iliyo mahali pamoja na asili ulionekana wazi katika mji wa Chicago, Marekani, Oktoba 1871. Moto mkubwa uliounguza sehemu kubwa ya mji huo uliteketeza pia mahakama ya wilaya pamoja na kumbukumbu rasmi za umiliki wa ardhi. Hapakuwa tena na daftari rasmi la kuthibitisha nani mwenye kiwanja na nani mpangaji. Kilichoiokoa hali hiyo ni madaftari ya makampuni matatu ya binafsi yaliyokuwa yakiandika muhtasari wa hati za ardhi kwa ajili ya wateja wao. Wafanyakazi walifaulu kuyatoa baadhi ya madaftari hayo motoni, na yalipounganishwa pamoja yakaziba mapengo. Mwaka 1872 jimbo la Illinois likatunga sheria iliyoruhusu mihtasari hiyo itumike kama ushahidi.

Tukio hili linafundisha mambo mawili. Kwanza, nakala iliyookoa haikuwa nakala kamili, bali muhtasari uliotunzwa na mtu mwingine mahali pengine. Pili, serikali ililazimika kutunga sheria ili maandishi hayo yapate nguvu. Akiba isiyokubalika mahakamani ni nusu ya akiba.

Katika karne ya ishirini wazo la mahali pengine lilikua na kuwa biashara. Miaka ya 1920 George McCarthy, mfanyakazi wa benki mjini New York, alibuni kamera ya kupiga picha hundi katika filamu ndogo, na mwaka 1928 kampuni ya Kodak ikaanza kuuza huduma hiyo kwa mabenki. Mwaka 1951, wakati watu wengi wa Marekani walipokuwa na hofu ya mabomu ya nyuklia, Herman Knaust aliligeuza shimo la chuma lililokwisha madini, katika jimbo la New York, kuwa ghala la kutunzia nyaraka za makampuni. Shimo hilo alikuwa amelinunua mwaka 1936 kwa ajili ya kilimo cha uyoga. Kampuni aliyoianzisha, Iron Mountain, ingali inafanya kazi hiyo, ingawa sasa hutunza pia tepu na data za kompyuta.

Vizazi vya tepu

Kompyuta za biashara zilipoanza kutumia tepu za sumaku mwanzoni mwa miaka ya 1950, na diski kuanzia mwaka 1956, jambo jipya liliingia. Karatasi ikiharibika, uharibifu huonekana. Data katika tepu huweza kuharibika bila yeyote kujua, na kosa la leo likanakiliwa kesho juu ya nakala njema ya jana. Kwa sababu hiyo waendesha kompyuta walibuni utaratibu wa vizazi vitatu: tepu ya leo huitwa mwana, iliyotangulia huitwa baba, na iliyotangulia hiyo huitwa babu. Mwana akiharibika, kazi hurudiwa kutokana na baba. Baba naye akiwa na kasoro, babu yupo.

Mfasiri wa Kiswahili hapati taabu yoyote hapa, maana jamii zetu huhesabu nasaba kwa namna hiyo hiyo. Tunapendekeza neno kizazi litumike bila kusita. Hata hivyo tunawaonya waandishi wasiitegemee mno methali isemayo kwamba akiba haiozi. Tepu huoza. Sumaku hufifia, gundi hulegea, na mashine ya kusomea hupotea sokoni kabla ya tepu yenyewe. Akiba ya data ni kama akiba ya nafaka: asiyeifungua ghala kuikagua atakuta wadudu.

Kufuli la namba

Kumbukumbu zilipoanza kusafiri katika nyaya za simu na kutunzwa na watu wasio waajiriwa wa kampuni, swali la siri lilikuwa kubwa kuliko swali la moto. Katika masijala ya karatasi siri ililindwa kwa kufuli na kwa mtunza masijala mwaminifu. Katika mtandao ililindwa kwa hisabati. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya watu wawili kukubaliana juu ya ufunguo wa siri bila kuwahi kukutana. Mwaka 1977 Marekani ilitangaza kanuni rasmi ya kwanza ya kusimba data za ofisi zake, na mwaka 2001 kanuni hiyo ikapata mrithi mwenye nguvu zaidi, ambaye bado anatumika duniani kote.

Kwa dhana hii wafasiri wengine huandika kuficha data. Neno hilo linapotosha. Kitu kilichofichwa hakionekani. Data iliyosimbwa inaonekana na yeyote, ila haisomeki. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Usimbaji wa kisasa umekusudiwa kuikanusha methali hiyo: hata mwerevu hawezi kuligangua fumbo asipokuwa na ufunguo. Kwa hiyo katika mkataba wa huduma ya akiba mtandaoni sentensi ya kuangaliwa kuliko zote ni ile inayotaja nani anashika ufunguo. Ukishikwa na mtoa huduma, naye anaweza kusoma. Ukishikwa na mteja peke yake naye akaupoteza, akiba imekwenda na maji.

Wingu na ardhi yake

Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilifungua huduma ya kukodisha nafasi ya kutunzia data kwa njia ya intaneti, na wengine wakafuata. Kampuni ndogo sasa iliweza kupata kile ambacho zamani kilihitaji shimo la chuma na lori la kubebea tepu. Katika pwani ya Afrika Mashariki jambo hili lilianza kuwezekana kwa wengi baada ya mwaka 2009, waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo mawasiliano na nchi za mbali yalitegemea satelaiti, na gharama yake haikuruhusu kutuma maktaba nzima ya kampuni kila usiku.

Biashara hii ilijiita kwa jina la wingu, nasi tumelipokea. Jina hili ni zuri kwa matangazo, lakini mwalimu na ofisa wa serikali yawapasa kukumbuka kwamba wingu hilo lina anwani. Ni jengo lenye milango, majenereta na mitambo ya kupooza hewa. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua lote, na jengo la jirani likaungua kwa sehemu. Miongoni mwa wateja walipatikana waliopoteza kila kitu, kwa sababu data zao na akiba ya data zao zilikuwa katika eneo hilo hilo. Somo la Chicago lilirudiwa baada ya miaka 150. Na Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu na huduma za intaneti kuzorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, ilidhihirika kwamba akiba iliyo ng'ambo tu huweza kuwa salama na bado isifikike siku inapohitajika.

Sheria nazo zimelifikia jambo hili. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019, na ile ya Tanzania ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, zote zinaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Hivyo swali la "mahali pengine" sasa ni swali la kisheria pia.

Vioo vilivyovunjika pamoja

Tukio linalotusaidia zaidi katika kazi yetu ya istilahi ni la tarehe 27 Juni 2017. Siku hiyo programu haribifu iliyoitwa NotPetya, iliyoanzia Ukraine, iliingia katika mitambo ya kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark na kufuta data katika ofisi zake duniani kote. Kampuni hiyo ilikuwa na seva zipatazo 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao za kuingia katika mitambo. Kila seva ilikuwa nakala ya nyingine, na badiliko katika moja lilipelekwa kwa zote. Mpango huo ulifaa endapo seva moja ingekufa. Haukufaa zilipokufa zote kwa pamoja.

Kama ilivyoripotiwa mwaka 2018, seva moja tu ilisalimika: ile ya Ghana, ambayo umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, na hivyo ikawa nje ya mtandao. Mawasiliano ya Ghana hayakuwa na kasi ya kutosha kuituma data hiyo Uingereza, na wafanyakazi wa huko hawakuwa na viza. Basi diski ikapelekwa kwa mkono mpaka Nigeria, akakabidhiwa mwenzao, naye akapanda nayo ndege hadi London. Kampuni ilisema baadaye kwamba ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika muda wa siku kumi.

Nakala 150 zilikuwa rudufu kwa maana kamili ya neno hilo, lakini hazikuokoa kitu. Moja iliyokatika na wenzake ndiyo iliyookoa.

Hitimisho na mapendekezo

Tumeona basi kwamba dhana hii ina nguzo tano: nakala, mahali pengine, vizazi, kufuli na kutengana. Ya sita, ambayo ndiyo lengo la zote, ni kurejesha. Maana akiba ambayo haijawahi kujaribiwa ni ahadi tu. Nakala rudufu inabeba nguzo ya kwanza peke yake.

Neno chelezo lina asili katika kitenzi elea. Kwa watu wa pwani ni kitu kieleacho, kama boya la kuonyesha ilipo nanga. Tena ni jina la gudi, mahali pa kutengenezea vyombo. Wapo wanaolipinga kwa kuwa msomaji wa bara halijui. Hoja hiyo ina uzito, lakini neno lisilojulikana hufundishika, na neno linalojulikana vibaya ni gumu kusahihisha. Chelezo huelea kwa nguvu zake chombo kinapozama, na maana yake ya pili inakumbusha kutengeneza na kurudisha baharini. Kwa sababu hizo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Nakala rudufu: nakala yoyote inayolingana na asili, popote ilipo.

Nakala kioo: nakala inayobadilika papo hapo kila asili inapobadilika.

Chelezo: nakala iliyotengwa na asili kwa mahali na kwa muda, na iliyothibitishwa kwamba inarejesheka. Kitenzi chake ni kucheleza.

Kusimba: kugeuza data isisomeke bila ufunguo.

Urejeshaji: kazi ya kurudisha data katika matumizi kutoka katika chelezo.

Mfasiri wa mkataba akiyatenga maneno haya, mwenye kusaini atalazimika kuuliza swali linalostahili: je, tunalipia rudufu, kioo, au chelezo?