Picha ya nani juu ya shaba? Sarafu za kumbukumbu kutoka Chicago hadi Rufiji

Heller 20 ya mwaka 1916 haikupigwa kwa ustadi mkubwa. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A. za koloni la Wajerumani, mwaka wake, na T ndogo ambayo ni alama ya Tabora. Upande wa pili kuna namba 20 na neno Heller ndani ya shada la majani. Ukiziweka mbili tatu pamoja kiganjani unaona mara moja kwamba hazilingani: hii nene, ile nyembamba, na nyingine picha yake imehamia pembeni kwa sababu kipande cha shaba hakikukaa sawasawa chini ya mhuri. Ni fedha iliyotengenezwa kwa haraka na watu waliobanwa, na wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani wanaitafuta hadi leo.

Watu wa Utete, Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji wana haki ya kuijua historia ya sarafu hii kuliko mkusanyaji yeyote, maana sehemu kubwa ya sababu ya kuwapo kwake ilitokea kwenye maji yao.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilikuwa tayari kwenye bahari yetu chini ya nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba iliivamia meli ya Waingereza Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar, ikaizamisha, kisha ikapotea. Ilikuwa imejificha kwenye mikono ya mto Rufiji, upande wa Salale, kati ya mikoko mirefu ambayo baharia wa nje asingeweza kuona kitu nyuma yake. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Mwezi uliofuata walizamisha meli ya Newbridge kwenye mlango wa mto ili isitoke, na wakaweka meli zao nje kulinda. Januari 1915 walikiteka kisiwa cha Mafia, wakakifanya kituo cha ndege. Mwishowe walileta manowari mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizovutwa kwa kamba kutoka Malta, na kwa mapigano ya tarehe 6 na 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha.

Meli iliisha, lakini vitu vyake viliendelea na safari. Mizinga yake yote kumi ilitolewa kwenye maji, ikapelekwa Dar es Salaam, ikafungiwa magurudumu kwenye karakana ya reli, na ikavutwa na wapagazi Waafrika kutoka vita hadi vita. Koloni lenyewe lilikuwa limezingirwa. Meli kutoka Ujerumani hazikufika ila kwa bahati, na hazikuleta sarafu. Askari na wapagazi walitakiwa kulipwa, watu wa kawaida walificha rupia za fedha majumbani, na noti za karatasi zilizochapwa humu humu nchini hazikuaminiwa na mtu. Ndipo serikali ya Kijerumani ikaamua kupiga sarafu zake yenyewe Tabora, kwa mafundi na mashine za reli, kwa shaba ya maganda ya mizinga na vyuma chakavu. Ikapigwa pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke huko Singida: tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilipatikana elfu 16 na ushei tu. Kazi ilisimama Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916.

Sasa tuangalie vilivyobaki viko wapi. Mzinga mmoja wa Königsberg umesimama Pretoria, mbele ya Union Buildings. Mwingine uko Mombasa, Fort Jesus, karibu na mzinga wa Pegasus, adui yake wa Zanzibar. Tembo wa dhahabu wa Tabora ananadiwa kwenye minada ya Ulaya. Mabaki ya meli yenyewe yalivunjwavunjwa na watafuta chuma chakavu, na yaliyosalia yamemezwa na tope la Rufiji. Anayepita Kibiti leo akielekea kuona mto huu hawezi kununua hata kipande cha shaba chenye jina la mahali.

Mahali pengine duniani tatizo hilo lilitatuliwa zamani kwa njia rahisi sana. Mwaka 1893 jiji la Chicago liliandaa maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike Amerika. Humo ndimo zilipoanza kuuzwa sarafu za kumbukumbu za aina mpya: mgeni anatoa senti yake ya kawaida, inapitishwa kati ya roli mbili za chuma, na inatoka ikiwa ndefu, bapa, yenye umbo la yai, na maandishi mapya juu yake. Mashine yake haina siri. Ni ndugu wa ile ya kukamua miwa tunayoiona kando ya barabara, ila roli moja imechongwa picha kwa kinyume, na mgandamizo wake ni mkubwa kiasi cha kuifanya shaba itiririke bila kuyeyuka. Unazungusha mpini, unasikia ugumu unapofika katikati, kisha sarafu inadondoka ikiwa na uvuguvugu. Picha ya zamani mara nyingi haipotei kabisa. Ukiigeuza kwenye mwanga unaona kivuli cha uso wa Lincoln kimenyooshwa chini ya picha ya daraja au mnyama.

Tangu hapo mashine hizi zimeenea Marekani, Ulaya na Japani, kwenye makumbusho, vituo vya reli, bustani za wanyama na minara. Kuna watu wanaopanga safari zao kwa kufuata mashine hizo, na wana vitabu vyenye vijimfuko vya kupanga sarafu zao mji kwa mji. Wanajua hata tofauti za madini: senti ya Kimarekani ya kabla ya 1982 ilikuwa asilimia 95 shaba, kwa hiyo inatoka nyekundu na safi. Za baadaye ni zinki iliyopakwa shaba juu, na roli ikizinyoosha inaacha michirizi ya kijivu. Novemba 2025 Marekani iliacha kabisa kupiga senti hiyo kwa ajili ya matumizi, na mashine sasa zinategemea akiba iliyobaki au vipande vitupu.

Kinachonivuta kwenye ufundi huu ni jambo moja. Sarafu ni tangazo la mwenye nchi. Picha iliyo juu yake inaamuliwa na mtawala, na raia anaibeba apende asipende. Mashine ya mpini inampa mtu wa kawaida, au mji mdogo, nafasi ya kuweka picha yake juu ya ile. Mahali penye historia ya Rufiji, hilo si jambo dogo.

Maana sarafu ziliingia Rufiji zikiwa na sura ya mtu mwingine. Rupia za fedha za kampuni ya Kijerumani, zilizoanza mwaka 1890, zilikuwa na Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai kichwani. Kodi ya nyumba ilipoanzishwa 1898, kaya ya kijijini ilitakiwa kutafuta rupia 3 zenye sura hiyo. Baadaye yakaja mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ambako malipo yalikuwa duni kiasi kwamba baadhi ya watu walikataa kuyapokea. Mtu alilima kwa fimbo ili apate kipande cha fedha cha kumrudishia yule yule aliyemshikia fimbo.

Mwaka 1905 mambo yakafumuka. Kinjekitile Ngwale, aliyeishi Ngarambe, huku huku Rufiji, alikuwa ameshawapa watu maji na maneno ya umoja yaliyovuka mipaka ya makabila. Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai, na tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjekitile pale Mohoro. Mtu huyo hajawahi kuwa na sarafu. Wilhelm, ambaye hakukanyaga Rufiji maisha yake yote, alikuwa nayo katika kila kibindo.

Waliofuata hawakuwa na haraka ya kubadilisha mtindo huo. Waingereza walileta shilingi yenye mfalme wao upande mmoja na simba upande wa pili. Kwa senti ndogo waliendeleza tundu la katikati, ambalo Wajerumani nao walikuwa wameliweka kwenye heller 10 tangu 1908. Senti 10 ile wazee wengi wa pwani wanaikumbuka vizuri: pana, ya shaba, pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Haikuwa na uso wa mtu, ila jina la mfalme limeandikwa kuzunguka. Tundu liliokoa madini, na lilimwezesha asiye na mfuko kuzitunga kwenye kamba na kutembea nazo sokoni. Naihesabu senti ya tundu kuwa sarafu ya mwisho ya kikoloni iliyobuniwa kwa kumfikiria mtumiaji wake, na labda ndiyo maana imebaki katika masanduku ya bibi zetu wakati shilingi za mfalme zimeshaisha.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na mwaka huo huo tukapata sarafu zetu: Mwalimu Nyerere upande mmoja, na upande wa pili samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50, na mkono ulioshika mwenge kwenye shilingi. Kwa mara ya kwanza mtu wa Utete alilipa nauli ya mtumbwi kwa sarafu yenye sura anayoijua.

Kuna ushahidi wa zamani zaidi kwamba pwani hii haikuhitaji kufundishwa na mtu maana ya kuandika jina kwenye shaba. Kilwa, kusini kidogo ya delta, masultani walipiga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Mreno kufika, na moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa, ilipatikana mbali bara, Great Zimbabwe. Nyingine tano zilifika mbali kuliko hapo. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliyepangwa kulinda visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, aliokota sarafu tisa mchangani. Akazitia kwenye kopo kama kumbukumbu ya zamu yake na zikakaa humo hadi 1979, alipozipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi na tano za Kilwa. Zilikuwa zimevuka Bahari ya Hindi nzima, zikakaa miaka 35 kwenye kopo la mtu aliyezipenda bila kuzijua.

Nasimulia hilo kwa sababu hamu ya kuondoka na sarafu ya mahali haizuiliki, na isipopewa njia halali itapata nyingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 vinalindwa, na kuviuza au kuvipeleka nje kunahitaji kibali. Sarafu ya Kilwa iliyookotwa ufukweni ikaishia kwenye begi la mgeni ni wizi, hata kama aliyeiuza ni kijana aliyepata shilingi elfu mbili. Sarafu bapa iliyochapwa hapo hapo mgeni aliposimama haimnyang'anyi mtu kitu.

Kwa hiyo nasema wazi: halmashauri za Rufiji na Kibiti ziangalie jambo hili kwa uzito. Wageni wapo. Gati la Nyamisati ndiko watu wanakopandia boti kwenda Mafia kuogelea na papa potwe. Mloka ndilo lango la upande huu la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka pori lililobeba jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Behobeho tarehe 4 Januari 1917. Sehemu zote mbili watu husubiri, na anayesubiri hutazama huku na huku akitafuta kitu cha kufanya.

Mashine ya mpini haihitaji umeme. Roli moja inaweza kuchongwa picha nne, na mgeni akachagua. Kuhusu madini, tusiguse fedha halali. Uingereza sheria ya sarafu ya 1971 inakataza kuyeyusha au kuvunja sarafu bila leseni, na mashine nyingi za huko hutumia vipande vitupu vya shaba. Vipande hivyo vinaweza kukatwa na mafundi wetu wa Dar es Salaam kutoka kwenye bati la shaba la kawaida.

Ubishi utakuwa juu ya picha, na ubishi huo ndio ninaoutaka. Wapo watakaosema tuanze na Königsberg, kwa kuwa ndiyo inayojulikana kwa Wazungu. Mimi ningeiweka ya nne. Kwanza Kinjekitile na Ngarambe yake. Pili mkoko na mizizi yake ya angani, kwa heshima ya wakata boriti waliojenga dari za nyumba hadi Omani na Ghuba. Tatu kiboko wa Rufiji, kwa ajili ya watoto. Meli ifuate, lakini ichongwe pamoja na wapagazi wakivuta mzinga wake kwa kamba, maana hao ndio walioibeba vita ile kwa miguu na hakuna hata heller moja ya Tabora iliyochorwa sura zao.