Nyani wa Maasai Mara na stresi yetu

Ukisema umechoka kiakili utaambiwa nini? Lala mapema, fanya mazoezi, punguza simu. Sawa, zinasaidia. Lakini leo wacha niwarudishe nyuma kidogo, hadi 1978, pale Mara.

Mwaka huo kijana Mmarekani, Robert Sapolsky, alikuja Kenya kuchunguza nyani. Alikuwa anawadunga kishale chenye dawa ya usingizi, wakilala anawatoa damu na kupima homoni ya kotisoli. Homoni hii si adui. Simba akikufukuza, ndiyo inamwaga sukari kwa damu upate nguvu ya kutoroka. Shida ni pale hatari haiishi.

Na nyani hawa hawakuwa wanahangaikia chakula sana. Walikula saa chache, siku iliyobaki ni kusumbuana. Madume wa chini, wale wa kupigwa bila makosa, kotisoli yao ilikuwa juu hata wakiwa wamejikalia tu. Presha juu, kinga ya mwili chini. Simba wao alikuwa nyani mwenzao!

Halafu miaka ya 1980 likatokea jambo. Madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kupigania mabaki kwa jaa la hoteli ya watalii. Nyama ya huko ilikuwa na kifua kikuu. Karibu nusu ya madume wa kundi walikufa, na ni wale wakali. Wakabaki majike na madume wapole.

Kundi likatulia. Kufikia 1993 hata wale madume wapole hawakuwa tena, wamekuja wengine kutoka makundi ya nje. Lakini upole ulibaki! Wageni waliingia wakafuata tabia ya wenyeji, na wa chini hawakuwa tena na ile kotisoli ya juu. Sapolsky na mwenzake Lisa Share walichapisha habari hii 2004.

Mimi nimewahi kufanya kazi mahali simu ya bosi ikilia Jumapili, tumbo linavurugika. Nilikimbia, nikajifunza kupumua polepole, nikalala mapema. Ilisaidia hadi Jumatatu asubuhi.

Kwa hivyo endelea na mazoezi, usiache. Lakini tusidanganyane ati stresi ni mzigo wa mtu binafsi. Kama nyani waliweza kubadilisha tabia za kundi, sisi tunashindwa na nini? Kazini kwenu, nyumbani kwenu, dume mkali ni nani? Ama ni wewe?