Poshi ya Babu haikushinda

Najua nimepotea hapa wiki mbili, mtanisamehe, nilikuwa na testi tatu ndani ya siku nne na ya mwisho ilinitoa jasho. Leo sina habari za bumu wala za maji kukatika bwenini. Leo ni historia, na imeanza na ubishi.

Jumapili jioni tulikuwa kwenye kimbweta nyuma ya bweni, watu wanne, kitabu kimoja kimefunguliwa kwa ajili ya kuzuga tu. Mshkaji wangu wa chumbani, tumwite Injinia maana ndicho anachosomea, alikuwa anatuonyesha video ya Toyota GR Yaris inavyokata kona kwenye vumbi. Mnamjua Injinia. Kwake yeye gari la spoti ni lililotoka jana, la juzi limeshazeeka. Mwenzangu wa kozi, ambaye tunamwita Mzee Kijana kwa sababu ya mashati yake, akamwambia kwamba kwenye magari ya siku hizi anayeendesha ni kompyuta, wewe ni abiria uliyeshika usukani. Gari la zamani unaisikia barabara kwenye mikono mpaka kiunoni, kabureta ikigoma unashuka na spana unamalizana nayo. Injinia akacheka: ndiyo maana mlikuwa mnashuka kila baada ya kilometa kumi!

Hapo na mimi nikaingia na nondo yangu. Nikasema Babu yangu aliiona Porsche ya zamani kwa macho yake ikishinda Safari Rally, kwenye matope, bila kompyuta yoyote. Nimekua na hiyo hadithi. Babu anaitamka "Poshi", na akifika hapo lazima asimame aigize mlio.

Injinia akatoa simu, akatafuta, akanigeuzia kioo. Porsche haijawahi kushinda Safari. Si mara moja, si nusu mara. "Mwanahistoria mzima!" Kimbweta kizima kikaangua kicheko.

Ningecheka na mimi, ila kuna jambo. Mwezi uliopita kwenye semina ya vyanzo vya historia nilisimama mbele ya watu nikatetea masimulizi ya wazee kwa nguvu zote, na mfano niliotoa ni Babu na Poshi yake. Halafu nikienda kufundisha kwa mazoezi, mada ya kwanza ya kidato cha kwanza ni hiyo hiyo, vyanzo vya historia. Sasa nitawaambia nini wale watoto kama chanzo changu mwenyewe ni muongo? Usiku huo sikugusa kitabu cha saikolojia. Nilikaa na mashindano ya magari mpaka saa nane.

Nianze na mashindano yenyewe. Yalianza 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Si kama ya sasa. Zamani barabara hazikufungwa. Ulikuwa unakimbia zaidi ya kilometa 5,000 kwenye barabara ambayo ng'ombe wanavuka, basi linakuja, mvua za Pasaka zimeshusha mto, na kila unapochelewa kufika kituo cha ukaguzi unaandikiwa pointi za adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. (Shikeni hapo kwenye adhabu, nitarudi.)

Na hapa Mzee Kijana naye asijisahau. Ile imani kwamba magari ya zamani yalikuwa hayafi, takwimu zinaikataa. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza tena 7. Na aliyeshinda miaka yote miwili, Nick Nowicki, alikuwa na Peugeot 404, gari ya kupeleka familia kanisani! Tunachokiita leo uimara wa zamani ni yale machache yaliyofika. Yaliyobaki porini nani anayakumbuka?

Sasa njoo kwenye Datsun 240Z, maana ndiyo iliyoniharibia usingizi. Hii ilitoka Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z. Bwana Yutaka Katayama, aliyekuwa anaisimamia Datsun kule Marekani, hilo jina hakulitaka kabisa, ikauzwa huko kama 240Z. Injini lita 2.4, silinda sita, nguvu ya farasi 151, uzito kama kilo 1,050. Marekani iliuzwa dola 3,526, karibu nusu ya bei ya Porsche 911. Wapenzi wengi wa magari ya Ulaya waliona gari la Mjapani la bei poa haliwezi kuwa gari la spoti la kweli. Yaani maneno yale yale ambayo leo mtu wa zamani anaiambia GR Yaris, kwamba hii ni Yaris tu bwana, gari ya kwenda sokoni.

Mwaka 1971 Porsche walileta 911 za kiwanda na madereva wa nguvu, mmojawapo Björn Waldegård wa Sweden. Zikashinda Datsun. Wa kwanza Edgar Herrmann na Hans Schüller ndani ya 240Z, wa pili Shekhar Mehta, 240Z nyingine. Halafu 1973 Mehta akashinda mwenyewe.

Huyu Mehta nimemsoma mpaka nikasahau nilikuwa natafuta nini. Alizaliwa Uganda 1945. Agosti 1972 Idi Amin akatoa amri ya kuwafukuza Waasia, siku 90, na Mehta akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, huyo mtu aliyetoka kupoteza nyumbani kwao ndiye anashinda mashindano yenye jina la Afrika Mashariki. Na alishinda kwa unywele, maana alilingana pointi za adhabu na Harry Källström, naye wa timu ya Datsun, wakampa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Jumla mara tano.

Na Poshi ya Babu je? Ya pili 1972 kwa Sobiesław Zasada. Ya pili 1974 kwa Waldegård, aliyepitwa na Joginder Singh wa Kenya mwenye Mitsubishi Lancer. Ya pili tena 1978 kwa Vic Preston Junior. Mara tatu ya pili jamani, hata mimi nilianza kuionea huruma.

Ila kuna hili ambalo Injinia hakulisoma. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani tu. Mwaka 2011 mshindi akawa Waldegård yule yule, umri miaka 68, mwanawe Mathias pembeni akimsomea njia, na gari ni Porsche 911. Miaka 37 tangu ashike ya pili! Alifariki 2014. Mwaka uliofuata Stig Blomqvist akashinda tena na 911. Kwa hiyo gari lililoshindwa likiwa jipya limekuja kushinda likiwa zee.

Na Porsche wenyewe hawajasahau kushindwa kwao. Mwaka 2022 walitangaza 911 Dakar, magari 2,500 tu, imenyanyuliwa kwa ajili ya mchanga na vumbi, na uliweza kuagiza urembo wa rangi unaofuata ile ya Safari ya 1978. Waliuza gari jipya kwa kumbukumbu ya mashindano waliyokosa. Nissan nao hivyo hivyo, Z yao mpya imetoka 2022 na sura ya 240Z, ila nguvu ya farasi 400 na uzito unaokaribia kilo 1,600. Injinia anaangalia hiyo 400. Mzee Kijana anaangalia zile kilo 550 zilizoongezeka. Na ile 240Z iliyodharauliwa kwa bei poa, moja ya 1971 iliuzwa kwa mnada Januari 2020 dola 310,000. Kwa hela hiyo bumu letu... tuache.

Injinia anayo hoja ya kweli lakini. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, Toyota Yaris imeshinda kila mwaka hadi 2025, mara tano mfululizo, na 2022 Toyota zilishika nafasi nne za kwanza. Jibu la Mzee Kijana ni kwamba 2021 walishindania kama kilometa 320 tu, barabara imefungwa, hakuna ng'ombe. Jibu la Injinia: kwa mwendo ule, ng'ombe wa nini? Hapo sina upande, nawaachia.

Jumatatu nikampigia Babu kupitia simu ya mama mdogo. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, umekula. Nikamwambia Babu, ile Poshi haikushinda. Kimya. Nikasikia mama mdogo anamwambia asogeze simu.

"Nani alikwambia ilishinda? Mimi nilisema ilipita ya kwanza."

Kumbe! Babu alikuwa kibarua shamba la mkonge upande wa Voi, Kenya, kabla mpaka haujafungwa 1977 akarudi Upare. Walisimama kando ya barabara tangu alfajiri, Poshi ikapita ya kwanza, wakashangilia, wakarudi kazini. Redio hawakuwa nayo. Aliyepita wa kwanza si lazima awe ndiye mwenye adhabu chache, magari yanaachiwa moja moja. Babu alisema alichokiona. "Ikishinda" niliiweka mimi, tangu nikiwa darasa la nne pengine. Na pale kwenye semina niliisema kwa sauti kubwa.

Nikamuuliza kama anakumbuka Datsun nyekundu, boneti nyeusi, maana picha za ile ya 1971 ziko hivyo.

"Ile yenye uso mweusi? Imejaa matope?" Akacheka mpaka akakohoa. "Ilipita baadaye. Tuliizomea."

Nimemwambia ndiyo iliyoshinda. Akanitaka nirudie. Halafu akampa mama mdogo simu, nikamsikia kwa mbali anamtafuta jirani yake amwambie.