Osmosisi

osmosisi nm [i-] (bayolojia, kemia) mwendo wa maji kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia vitu vilivyoyeyuka humo, kutoka upande wa mmumunyo hafifu kwenda upande wa mmumunyo mzito. Uzito hapa ni wingi wa vilivyoyeyuka, si uzito wa uji.

Vitunguu vya kachumbari vikitiwa chumvi hulegea na kutoa maji. Jikoni husemwa chumvi imeyavuta, na usemi huo hauna ubaya. Katika maandishi ya sayansi, hata hivyo, mtendaji awe maji: *Maji hutoka ndani ya seli za kitunguu kwa osmosisi.*

Matumizi. Osmosisi isichanganywe na *difusheni*. Hiyo huhusu chembe za vitu mbalimbali, nazo husambaa kutoka penye nyingi kwenda penye chache. Ndivyo oksijeni inavyotoka mapafuni kuingia damuni. Zote mbili haziigharimu seli nishati, kwa hiyo kitenzi *kusukuma* hakizifai. Kinaifaa protini ya utando ambayo, kwa kila molekuli ya ATP, hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Wapo pia waandikao kwamba utando *huchuja* maji. Kitenzi hicho kina picha ya chujio na shinikizo, nacho kiachiwe figo.

Kwa mfasiri. Kosa la istilahi huweza kumfikia mgonjwa. Maelezo ya dawa ya chumvichumvi (ORS) anayopewa mtu anayeharisha mara nyingine hufasiriwa kana kwamba sukari imo kwa ajili ya ladha. Sivyo. Protini iliyo katika utando wa seli za utumbo mwembamba huingiza glukosi pamoja na sodiamu, na maji hufuata kwa osmosisi. Msomaji aliyeambiwa sukari ni ladha ataiona kuwa kitu cha kupunguza au kuongeza apendavyo. Vivyo hivyo kwa kipimo cha maji: pakiti ya lita 1 ikikorogwa katika nusu lita, mmumunyo huwa mzito mno, nao huweza kuyatoa maji mwilini kurudi utumboni, mtoto akazidi kuharisha. *Changanya na maji ya kutosha* ni tafsiri mbovu, hata kama sarufi yake ni safi. Iandikwe: *Mimina unga wote wa pakiti hii katika lita 1 kamili ya maji safi ya kunywa.*

Linganisha: difusheni, mmumunyo, utando.